Siku Mabinti Walipopanda Nyasi

Binti anayeomba kwa sauti kubwa kuliko wenzake si lazima awe kiongozi. Naliweka hili mbele kwa sababu nawajua. Mtasoma mistari michache kisha simu italia, na kama ni jambo moja tu litakalowabakia kichwani, afadhali liwe hilo.

Ninyi mnaoshika sasa Mabinti wa Kisima, kundi letu la wasichana wa kanisa, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale na kule Mbarara, mmenisumbua muda mrefu niandike niliyoyaona katika kazi ya ulezi. Mlitaka siri za uongozi. Siri sina. Nina visa, na nina magoti mawili yanayojua mvua kabla ya redio. Kisa kikubwa ni cha shamba la mama yake Riziki, ambalo mabinti wetu, kwa upendo wao wote na majembe yaliyonolewa vizuri, walikaribia kumpotezea. Nitakifikia. Lakini hamtakielewa kama sijawaambia kwanza tulivyokuwa tunachagua viongozi, na tulivyojichekesha mbele ya watu Mbarara.

Zamani tulichagua kwa masikio. Binti akiimba vizuri, akiomba bila kupumua, alipewa cheo. Ndivyo tulivyompata Janeti. Janeti aliweza kuomba mpaka uji ukaganda kwenye sufuria. Kwake kila jambo lilikuwa na roho yake. Mwenzake akichelewa, ni roho ya uchelewevu, na ilikemewa palepale. Spika ya kanisa ikikwaruza, ikakemewa nayo. Ila hakuna aliyemwuliza yule mchelewaji kwamba umetoka wapi, maana angejibu kwamba ametoka bombani na foleni ilikuwa ndefu. Simsemi vibaya Janeti. Kwenye msiba hakuna wa kumzidi, na nikifa mwiteni. Lakini wenzake walimwogopa, na binti anayekuogopa hakuambii shida yake.

Muda wake ulipoisha mabinti wakamtaka Zawadi. Mimi sikumtaka. Zawadi alikuwa na kicheko kisichojua mahali. Siku moja kuku aliingia kanisani katikati ya mahubiri, akaenda mbele, akainamisha kichwa kama anayetubu, na Zawadi akacheka mpaka ikabidi atolewe nje. Nikawaambia mabinti kwamba wanaweka mchezo madarakani. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, akanijibu:

“Mama Mlezi, kama haukukuya kanisa, Zawadi anafika kwenu kuuliza. Bengine banakuombea tu.”

Nikakubali, kwa sababu na mimi nilikuwa miongoni mwa hao waliokuwa wanaomba tu.

Sasa Mbarara. Mnajua ofisi yetu iko Kamukuzi, kwenye kile kilima chenye upepo mzuri na nyumba za watu wenye nafasi. Tulialikwa huko na mabinti wa mjini tukae nao siku chache kwa maombi na michezo. Matroni wao alikuwa mama wa Kiganda, na alikuwa amewafunza wote adabu ya kwao. Tulifika tumejaa vumbi la barabara hadi kwenye kope. Getini wenyeji wetu walikuwa wamejipanga mstari, soksi nyeupe, na tuliposhuka tu wakapiga magoti kwenye nyasi.

Sisi tumetoka Kivu ya Kusini, watu wa Uvira na milima ya juu yake. Kwetu mgeni unampa mkono. Ukimwona mtu kapiga magoti ujue yuko mbele za Mungu. Basi mabinti wangu wakaweka mabegi chini, wakapiga magoti, wakafumba macho. Wenyeji kuona wageni wamepiga magoti, wakaona si adabu kuinuka kabla ya wageni. Hakuna aliyeinuka. Jua linapiga, mistari miwili inaangaliana, kimya. Janeti, ambaye kimya humuumiza, akafungua maombi. Matroni akatoka ndani, akaona ile hali, nadhani akajisemea kwamba wakimbizi hawa ni watakatifu kweli, naye akapiga magoti mlangoni na aproni yake.

Zawadi alifumbua jicho moja, akaona yote, akaanza kutetemeka mabega. Nikamfinya. Hakuacha.

Kitu kilichofuata ndicho kilichonifanya nianze kumwangalia kwa jicho lingine. Wenzake wote walikwenda kuona vitanda. Yeye alikwenda jikoni walikokuwa wanamenya matoke, akakaa na wale wenyeji, akauliza. Mnapiga magoti kwa nani? Kwa mtu mzima tu? Mikono inakaa wapi? Na huyu dada wa Kinyankole kwao wanasemaje? Alirudi vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi, akaniambia, “Mama, ile haikukuwa maombi. Balikuwa banatusalimia.” Akacheka tena, na safari hii nikacheka naye. Tangu siku hiyo, kila alipokutana na mzee wa huku njiani, Zawadi alisimama akasalimia kwa lugha ya mwenyewe. Alikuwa na maneno machache tu, lakini aliyasema polepole na kwa heshima.

Naona nimesema kuhusu jikoni, basi niseme la chakula lisije likanipita. Mtasikia watu wanahubiri kwamba kiongozi ale mwisho. Maneno matamu, lakini kiongozi mwenye njaa hukaripia. Kula mapema, kidogo, haraka, kisha simama ugawe. Na msiwapange mabinti wa lugha moja kwenye sahani moja, watasengenya. Changanya Mbembe na Mfuliiru, Mnyamulenge na Mnyankole, weka sombe, kisamvu chetu, katikati, mboga itafanya kazi ambayo semina haifanyi. Maombi ya kufungua yawe mafupi. Mungu hajasahau mlichomwambia jana.

Na simu zenu. Mna kundi la WhatsApp, binti asipoonekana mnamtumia picha ya maua na mstari wa Zaburi. Sikatai. Lakini binti ambaye simu yao iko na kaka yake hayaoni hayo maua. Mlango wa nyumba haujawahi kuishiwa chaji.

Kuna shida moja ya kazi hii ambayo wa mjini hawaijui. Hapa Nakivale viongozi hupanda ndege. Unamfunza binti, anakomaa, anaanza kusimama bila kukutazama wewe, halafu familia inaitwa kwa safari ya kuhamia ng’ambo, na Jumapili inayofuata hayupo. Zamani tulilia, tukaanza upya. Baadaye tukatengeneza desturi ya kila mwenye cheo kuwa na mwenzake wa pembeni. Mmoja anaongea, mwingine anakaa karibu anaangalia, na kila baada ya muda wanabadilishana. Zawadi naye alikwisha kupanda ndege. Yuko nchi ya baridi, ananitumia sauti yake, na nyuma ya sauti nasikia mashine inafua nguo. Namkosa kuliko ninavyomwambia.

Aliyekuwa pembeni yake, kabla hajaondoka, alikuwa Riziki. Sasa tumefika.

Riziki alikuwa binti wa pale Rubondo, hapahapa kambini, mpole, mchapakazi, anayepiga pasi sare za wenzake bila kuombwa. Alikosekana Jumapili moja, ikafuata ya pili. Zawadi hakungoja ya tatu, akaenda kuuliza. Akakuta mama yake Riziki amepelekwa hospitali Mbarara kupasuliwa tumbo, baba hakuna tangu Kongo, na Riziki ameachiwa wadogo zake wawili na shamba lililolala. Shule alikuwa ameacha. Mvua za mwezi wa tisa zilikuwa zinanukia, na maharage yasipoingia ardhini na mvua ya kwanza, nyumba ile ingekaa msimu mzima bila kitu, maana mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa na kila mtu alikuwa anategemea jembe lake. Shamba lile ndilo lilikuwa sahani yao na ada yao.

Tukaamua kufanya salongo. Wa mjini hamlijui neno hili. Tumetoka nalo Kongo, ni kazi ya mikono ambayo watu wote huifanya pamoja. Kule serikali ilikuwa inatulazimisha, na tuliichukia. Hapa tuliifanya kwa hiari, tukaipenda. Binti akikwama, Mabinti wa Kisima wanakwenda kwao na majembe, wanalima, wanapika, wanaimba kidogo, wanarudi. Nimeona salongo ikirudisha mabinti wengi kanisani kuliko mkutano wowote wa injili.

Jumamosi ya salongo mimi sikuwapo. Nilikuwa Mbarara na chupa ya uji, nimekaa pembeni ya kitanda cha mama Riziki. Alikuwa amekonda, macho makubwa. Aliuliza jambo moja tu, shamba. Nikamwambia atulie, mabinti wako huko leo wanalima. Akafumba macho, akasema, “Ubaambie Mungu abariki mikono yabo.”

Mikono ilibarikiwa sana, kama mtakavyoona.

Nilirudi kwa teksi hadi Isingiro, kisha boda. Toka barabarani nililiona shamba la mama Riziki, safi kama sakafu iliyopigwa deki, nikasikia fahari. Kisha nikawaona mabinti. Walikuwa wamekaa chini kando ya majembe, hakuna anayeimba. Janeti sauti imemkauka. Riziki amekaa peke yake, dumu la maji limelala pembeni yake limemwagika, na hakuna aliyeliinua.

Ilikuwa hivi. Kati ya shamba la mama Riziki na la jirani yake kulikuwa na ukanda wa nyasi, upana wake kama kitanda, haujawahi kuguswa na jembe. Jirani huyo ni Mzee Bangirana, Mnyankole, mwenye ng’ombe kadhaa na ndizi, ambaye wazazi wake walilima hapo kabla sisi hatujajua kama kuna mahali panaitwa Nakivale. Kwa watu wa huku ule ukanda ndio mpaka. Wanauita orubibi. Mashamba mawili, nyasi katikati, na mwenye akili haugusi.

Kwetu mpaka ni mfereji, au mawe. Nyasi zikisimama katikati ya shamba, hiyo ni aibu ya mama mwenye shamba, na mama zetu wametulea kwa makofi tusizivumilie. Mabinti walipofika, Riziki akiwa bombani, waliona zile nyasi wakamhurumia mgonjwa. Wakasema, maskini, alishindwa kumaliza. Wakazing’oa zote, wakakung’uta mizizi, wakazilundika, wakazichoma. Na kwa kuwa sasa hakukuwa na kitu cha kuwasimamisha, wakaendelea kulima kwa furaha mpaka ndani ya shamba la Mzee Bangirana. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Siku ile nyasi ziliumia kabla tembo hawajafika.

Riziki alirudi na dumu kichwani, akaona moshi, dumu likaanguka. Mzee naye alikuwa anakuja na fimbo yake ya ng’ombe.

“Nyinyi watoto, nani alituma nyinyi?” akawauliza. “Hii majani baba yangu aliweka! Sasa nyinyi nakula shamba yangu?”

Zawadi alifungua mdomo ajibu, lakini Janeti alimtangulia. Alinyoosha mkono akaanza kuikemea roho ya hasira, itoke, itoke sasa hivi, kwa jina lenye nguvu. Mzee Bangirana anajua Kiswahili cha kutosha kuelewa kwamba anafukuzwa kutoka kwenye shamba lake mwenyewe. Alimsikiliza mpaka Janeti mwenyewe akaishiwa sauti. Kisha akasema kwamba Jumatatu atakuja na cheamani, mwenyekiti wa kijiji, na shamba lote lipimwe upya, na kwa kuwa mpaka hauonekani tena, yeye anasema unapita kwenye ule mparachichi. Mparachichi ulikuwa mlangoni kwa jiko la mama Riziki.

Msimwone mzee huyu kuwa mbaya. Mimi nilimwona hivyo siku ile, nikakosea. Alikuwa ameshuhudia watu wanakuja mwaka baada ya mwaka, na kila anayelima husogea kidogo, jembe moja huku, jembe moja kule. Ule ukanda ndio ulikuwa unampa usingizi, kama shamba lilivyokuwa linampa usingizi mama aliyelala hospitali. Wote wawili waliogopa kitu kimoja.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka tumwite mchungaji, tupige simu Kamukuzi, aje mtu mwenye tai na gari, aongee na cheamani lugha ya wakubwa. Zawadi alikuwa anafuta udongo kwenye jembe kwa kidole. Akasema:

“Mama, tukileta bakubwa, na yeye ataleta bakubwa. Batasemezana bakubwa na benzabo. Riziki ataonekana fasi gani?”

“Sasa wewe utafanya nini?”

“Nitaenda kumusalimia.”

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia shamba la mtu linataka kwenda na yeye analeta mambo ya salamu, hapa si Kamukuzi. Nilingoja acheke. Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Zawadi bila kicheko popote usoni, na hilo ndilo lililonifanya nikubali.

Jumapili baada ya ibada tukaenda, yeye na Riziki mbele, mimi nyuma nikisali kimyakimya. Janeti tulimwomba abaki. Mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, mkewe anasafisha vibuyu vya maziwa. Zawadi alipiga magoti pale kwenye vumbi, mikono pamoja, kama alivyofundishwa kule jikoni.

“Agandi, sebo,” akamsalimia kwa Kinyankole.

Mzee alimtazama, akamtazama na Riziki aliyekuwa amepiga magoti pembeni.

“Ni marungi,” akajibu mwishowe. Nadhani adabu ilimshinda. Mtu aliyelelewa vizuri ni vigumu kukataa salamu.

“Mzee, tulikosa,” Zawadi akaendelea kwa Kiswahili cha kwetu. “Tuling’oa alama yako. Sisi kwetu majani mu shamba ni aibu, hatukujua kama huku njo mupaka. Hatukuuliza. Tunaomba tuirudishe.”

“Majani? Mtu napanda majani?”

“Tutapanda, mzee.”

Mzee akageuka kuwaangalia ng’ombe wake, kama anayewauliza wamesikia. Akasema cheamani atakuja tu, hilo halibadiliki, na sisi tuje, tutaona. Mkewe alitupatia maziwa. Riziki alinipitishia yake.

Jumatatu asubuhi mabinti walikwenda bondeni karibu na ziwa, wakakata nyasi na udongo wake, wakazibeba kwenye mabeseni kichwani. Hebu fikirini watu wa kwetu, waliozaliwa na jembe, wanapita barabarani wamebeba nyasi kwenda kuzipanda shambani. Mwenye boda mmoja alisimamisha pikipiki kabisa. “Mabinti ya Yesu,” akapiga kelele, “mukimaliza majani mutapanda mawe?” Walimezea. Aibu ilikuwa inawachoma, niliiona, na mmoja alisema waziwazi kwamba afadhali apigwe viboko.

Cheamani alifika na mwavuli wake, mtu wa maneno machache. Akaangalia ardhi. Yote ilikuwa imelimwa sawasawa, rangi moja, hakuna dalili. Akauliza mpaka ulipita wapi. Mama Riziki, aliyejua, alikuwa kitandani Mbarara. Aliyebaki anayejua kwa uhakika ni Mzee Bangirana, naye alikwisha kutamka mparachichi.

Zawadi alichukua fimbo iliyochongwa ncha ya kuchomeka, akampa mzee kwa mikono miwili.

“Mzee, wewe njo unajua mupaka. Weka.”

Nilijua ametuuza. Janeti alimvuta sketi kwa nyuma. Unampaje mtu kisu akate mkate anaoudai? Mpaka leo sina hakika kama nilikuwa na haki ya kumwacha, na kama mambo yangekwenda vibaya nisingejisamehe.

Mzee aliigeuza ile fimbo mikononi. Kisha akamnyooshea Riziki.

“Huyu ndio iko na nyumba hapa,” akasema. “Yeye aweke.”

Riziki akaipokea. Alitembea ndani ya lile shamba lililolimwa huku midomo inacheza, na sote tukamfuata kwa macho. Alikwenda, akaendelea kwenda, akapita mahali ambapo hata mimi nilijua nyasi zilisimama, akachomeka fimbo ndani kabisa ya shamba la mama yake, karibu na mparachichi. Hofu ndiyo iliyomfikisha pale. Alikuwa anampa mzee shamba ili mzee asikasirike. Akarudi akasimama kati yetu, akainamisha kichwa. Cheamani akafungua mdomo, na ninaamini alikuwa anataka kusema kwamba basi, yamekwisha.

Mzee Bangirana alikwenda polepole mpaka kwenye fimbo. Akaing’oa. Akageuka, akarudi nayo upande wake, akiangalia chini, akivuka mtaro baada ya mtaro wa maharage ambayo hayajapandwa, mpaka akafika mahali akasimama, akakanyaga kanyaga kwa kisigino. Akaichomeka pale.

“Hapana ogopa,” akamwambia Riziki. “Mama yako alikuwa nafikisha jembe hapa. Mimi naona yeye kila siku.”

Riziki akaanza kulia kwa sauti. Mimi pia nililia, na Janeti, ambaye sauti ilikuwa imemrudia, alisema amina moja fupi, fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia.

Tukavuta kamba toka ile fimbo hadi ya pili, ambayo pia mzee aliiweka, na mabinti wakapanda nyasi. Walizipanda kwa mstari kama vitunguu, kwa sababu hawajui kupanda namna nyingine. Hapo ndipo Zawadi kicheko kilipompasuka, na mzee akacheka, na cheamani akageuza mwavuli wake kutazama upande mwingine. Sehemu ile waliyoilima ndani ya shamba la mzee hawakuifukia. Waliimalizia mpaka mwisho, wakamwachia tayari kwa mbegu.

Kazi haikuishia hapo. Mvua ilichelewa. Mabinti walikuwa wanakwenda kwa zamu na madumu kumwagilia nyasi, jambo ambalo sijapata kuliona tena na siombi kuliona. Na Mzee Bangirana, mtu aliyeishi maisha yake yote akiwapeleka ng’ombe kwenye majani, alilazimika kusimama na fimbo kuwazuia wasile. Riziki alirudi shuleni, akarudi na ibada. Nyote mnamjua, ndiye anayewakaripia leo mkichelewa, na sasa mnajua kwa nini kila salongo, kabla jembe halijagusa udongo, anawauliza wenyeji swali lilelile. Nini tusiguse? Msimzungushie macho. Kuuliza si ujinga, na yeye anajua bei ya kutouliza.

Mvua ya kwanza ilikuja, maharage yakaingia, yakaota. Siku mama Riziki aliporuhusiwa nilikwenda kumchukua Mbarara. Toka Isingiro tulimweka kwenye boda katikati, mimi nyuma nimemshika, na tukamwomba kijana wa boda aende mwendo wa maiti. Mabinti walikuwa wanatungoja. Upande wa pili Mzee Bangirana alikuwa na ng’ombe wake, anajifanya hajui kwamba ni siku gani.

Mama Riziki alishuka, mkono kwenye mshono, hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja ukingoni mwa shamba. Akayaangalia maharage, akayaangalia tena, midomo ikamlegea. Kisha macho yakafika kwenye ule mpaka, kijani, umenyooka, umepaliliwa pembeni, kila shina kwenye shimo lake, kama kazi ya mtu aliyetarajia kuvuna. Akakunja uso. Alikuwa dhaifu lakini alikuwa bado mwanamke wa Uvira.

“Nani alipanda majani?” akauliza.

Mabinti wakaangalia miguu yao. Riziki akanitazama mimi. Zawadi alikuwa ameng’ata pindo la kitenge ili asicheke.

“Ni sisi,” akajibu Mzee Bangirana toka upande wake.